Ijumaa nilimsikia Mzee akipiga gitaa la bluzi pale Bugolobi: uzi kwa wapenda vyombo

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa vipande kati ya kazi na kazi. Mwenye haraka auache mpaka usiku.

Mimi ni fundi mitambo hapa Kampala. Harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba), mikutano ya injili viwanjani, kote huko nimefunga spika. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya mixa, na kwa muda wote huo onyesho kwangu ni kazi: nafika wa kwanza, naondoka wa mwisho na nyaya mabegani. Ijumaa iliyopita nililipa elfu sitini zangu, nikakaa kwenye kiti kama watu wengine. Tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo maana naandika.

Mpigaji ni mzee wa miaka sabini na kitu. Mzaliwa wa Bunia, amepiga kwenye bendi za hoteli Nairobi tangu miaka ya sabini, Kiswahili chake bado kina Kingwana, kile Kiswahili cha Kongo, ndani. Baada ya onyesho nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akasema, "Andika muziki, jina uache." Kwa hiyo humu ndani ni Mzee tu, na naomba anayemfahamu asimtaje.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, viti kama mia mbili, kaunta upande wa kushoto. Nilipoingia televisheni ilikuwa inaonyesha mpira na nusu ya watu walikuwa wamelipa jukwaa kisogo. Jukwaani palikuwa na dramu, besi na amplifaya moja ya gitaa yenye ngozi iliyochanika pembeni. Ya valvu. Wenye umri wa kukumbuka zile redio kubwa za sebuleni wanaijua: unaiwasha, unasubiri dakika moja, mbili, mpaka vioo ndani viwe vyekundu, ndipo itoe sauti. Mzee aliiwasha mwenyewe, akavuta kiti, akakaa kando yake na mkono juu ya sanduku kama mtu anayempima mtoto homa.

Kisha akachomeka gitaa, na ukumbi ukajaa mngurumo.

Kila fundi wa mji huu anaujua. Ni umeme wa hezi 50 unaoimba wenyewe. Kwa wasio mafundi: chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya raundi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye ule waya, na huo ndio sauti yenyewe. Lakini waya huohuo ni antena. Unadaka kila kinachopita hewani, na taa za rangi zinazopunguzwa mwanga ndizo adui yake mkubwa. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipata dawa: koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya ule, zilizogeuziana, mngurumo wa huku ukafuta wa kule. Gitaa la Mzee ni la koili mojamoja, halina dawa hiyo.

Sasa angalieni alichofanya. Hakulalamika, hakumwita mtu. Alisimama na gitaa kifuani akaanza kugeuka polepole, kama mtu anayetafuta mtandao kijijini. Robo ya mzunguko, mngurumo ukapungua. Akarudi nyuma kidogo, ukapungua tena. Akapata pembe yake, akaweka alama sakafuni kwa ncha ya kiatu. Mimi hapo sikuweza kuvumilia. Nikamfuata kijana aliyekuwa kwenye mixa, nikamwambia, "Ndugu yangu, zima hizo taa za rangi, acha balbu moja tu." Akanitazama, akazima. Mngurumo ukakatika palepale. Mzee akainua kichwa kutafuta nani amezima, akapunga mkono kuelekea gizani.

Naendelea chini, mteja ananisubiri.

Mama_wa_Mbale

Nimekaa mkao wa kusoma. Tafadhali usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu wanapotea.

Kijana_Ntinda

Mkuu, mimi bluzi nilidhani ni muziki wa wazungu wazee wenye pikipiki kubwa. Inatuhusu nini sisi?

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Kijana wa Ntinda, swali lako ni la haki, nitalijibu. Ngoja kwanza nimalize.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole. Dramu kwa brashi, besi kwa mbali, na Mzee anapiga uzi mmoja. Mimi masikio yangu yamezoea kupandisha. Watu wakipiga kelele, fundi anapandisha. Wakipiga zaidi, anapandisha zaidi. Ndivyo tunavyofanya sote, na ndivyo nilivyofundishwa. Mzee alifanya kinyume. Watu wa kaunta walikuwa wanaongea, televisheni inapiga kelele, naye kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia akawa anazungusha kitufe cha sauti cha gitaa, anashusha. Anapiga huku anashusha. Ikafika mahali mimi niliyekuwa safu ya tatu nilikuwa nasikia ukucha wake ukigusa chuma kuliko spika. Meza moja ikanyamaza. Halafu ya pili. Dada wa kaunta akachukua rimoti, akaua sauti ya mpira, wala hakuna aliyemtuma.

Kulipokuwa kimya kabisa, akaufungua ule mkono. Kitufe kilekile kimoja, mpaka mwisho. Wakuu, amplifaya ya valvu ukiisukuma namna hiyo haipandi tu kwa ukubwa, sauti inabadilika umbo: inakwaruza, inanenepa, inakaribia kulia. Hakuwa na kisanduku chochote cha kukanyaga miguuni. Sauti ya kunong'ona na sauti ya kupasua zote zilikuwa kwenye kidole kile kidogo. Yule mama aliyekaa mbele yangu aliweka glasi yake chini taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Hii mbinu ina wenyewe. Buddy Guy wa Chicago anajulikana dunia nzima kwa kushusha sauti mpaka ukumbi ushike pumzi, kisha kuipasua. Yeye alizaliwa 1936 huko Louisiana kwa wakulima wa pamba, na mwenyewe amesimulia kwamba nyuzi zake za kwanza alizinyofoa kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Alifika Chicago 1957 akiwa na njaa, na mkongwe wa bluzi Muddy Waters ndiye aliyempa mkate wa kula. Mwaka 1969 alizunguka Afrika kwa ziara iliyolipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mzee aliniambia kwamba rekodi za Buddy Guy ndizo zilizomfundisha kunyamaza. Hilo neno lake nimeliandika kama lilivyo: kunyamaza.

Sasa kwako, kijana wa Ntinda. Bluzi ni ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa waliotolewa huku kwetu kwa minyororo. Muddy Waters aliacha shamba la pamba Mississippi akaenda Chicago 1943. Vilabu vya mji vilikuwa na kelele, gitaa la mbao halisikiki, ndipo akashika la umeme. Vijana wa Uingereza walizikuta rekodi zile miaka ya sitini, wakaongeza ukubwa na dramu nzito, ikazaliwa bluzi-roki. Hata jina la Rolling Stones wamelitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters. Hao wazungu wazee wenye pikipiki unaowasema ni wanafunzi.

Mwana_Katanga

Mleta uzi, umenigusa mshipa. Mimi ni wa Lubumbashi, niko Kampala mwaka wa nane, biashara ya vitenge pale mjini. Ruhusu niongeze.

Kwetu gitaa lina baba yake, naye ni Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Gitaa moja na vidole viwili tu, gumba linapiga besi na kidole cha pili kinapiga wimbo, ukisikia utaapa wako watu wawili. Na alikuwa anaimba Kiswahili, cha kwetu. Baba yangu alikuwa akisema kwamba wakati wao nyuzi za dukani zilikuwa ndoto. Walichukua waya wa breki ya baiskeli, wakaufumua, kila unyuzi mmoja ukawa uzi wa gitaa. Kwa hiyo nikisoma habari ya Buddy Guy na wavu wa mbu naona ni mtoto wa jirani.

Jambo la pili. B.B. King, mpiga gitaa la bluzi wa Marekani, alikuja Kinshasa, Septemba 1974, tamasha la siku tatu uwanjani kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Alikuwepo James Brown, alikuwepo Miriam Makeba, Franco naye akapiga. Mjomba wangu alikuwa kijana pale uwanjani. Anasema B.B. King hakuwa anapiga gitaa na kuimba kwa wakati mmoja: mdomo ukifunga, gitaa linafungua. Yeye lugha ile ya Kiingereza hakuijua hata neno, lakini alijua wakati gani mtu anauliza na wakati gani anajibiwa.

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Mwana Katanga, asante sana kaka. Hicho cha kuuliza na kujibiwa ndicho hasa.

Bluzi ya kawaida inatembea kwa vipimo 12 vya mapigo manne manne. Mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa uleule, wa tatu unaleta jibu. Na mwishoni mwa kila mstari kuna nafasi wazi, gitaa linaingia humo kuitikia. Mtu aliyekulia kwenye ngoma hahitaji kufundishwa hilo. Mzee aliimba nyimbo nne kwa Kiswahili juu ya mwendo huohuo. Mojawapo ilikuwa ya mtu anayengoja lori la Mahagi mpakani siku mbili, mzigo wa samaki unaharibika. Akiimba "lori halijaja", gitaa linatoa sauti tatu za kushuka. Akirudia "lori halijaja", gitaa linatoa mbili. Mara ya tatu hakuimba kabisa, gitaa likalisema lile neno peke yake, na watu wakacheka kwa kulielewa.

Mama_wa_Mbale

Hapo umenirudisha kwa marehemu mume wangu na kadongo kamu zake. Kwa wasiojua Kiganda, jina lenyewe linamaanisha kagitaa kamoja. Mtu mmoja, gitaa moja, na hadithi ndefu. Siku Paulo Kafeero alipofariki 2007 mtaa wetu mzima ulikuwa na redio mlangoni. Mimi ni Mgisu, Kiganda changu cha kuokoteza, lakini nilikuwa naelewa kilio.

Swali langu: kwa nini siku hizi nikienda kwenye onyesho natoka na masikio yanalia mpaka Jumatatu? Huyo Mzee alikuwa na kelele pia aliposukuma mpaka mwisho?

Afande_Mstaafu_Bombo

Naunga mkono swali la mama. Nimetumikia jeshi miaka ishirini na sita, nimekaa karibu na mizinga, lakini spika za harusi za siku hizi zinanishinda. Mafundi wetu mnatuumiza. Nasema kwa heshima.

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Afande, shikamoo. Mama, shikamoo. Mmesema kweli na mimi ni mmoja wao.

Nina kipimo cha sauti, hubeba siku zote hata nikienda matembezi. Pale nilipokaa, Mzee akisukuma mpaka mwisho, kilisoma desibeli 97 kwa sekunde chache, kisha kikarudi sabini na kitu. Wimbo wa polepole ulikuwa chini ya sabini. Yaani aliyetuliza ukumbi alikuwa na mlima na bonde. Sisi kwenye harusi tunaanza 100 na kumaliza 105, saa tano mfululizo, hakuna bonde hata moja.

Kinachoumiza sikio ni ukubwa na muda kwa pamoja. Kanuni ya taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Piga hesabu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Ukifika 100 umebaki na dakika kumi na tano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za burudani mwaka 2022, likaweka wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila robo saa. Masikio yanayolia mpaka Jumatatu, mama, ni vinyweleo vidogo ndani ya sikio vimechoka, na vikifa havioti tena. Nenda na pamba maalumu za masikio, ziko kwenye maduka ya dawa. Na ukimwona fundi, mwambie ashushe. Akikujibu vibaya, mwambie tena.

Tangu Ijumaa nimefanya harusi moja. Nilikaa 92. Bwana harusi alikuja mara mbili kuniambia nipandishe, nikamwomba angalie meza ya wazee wake: walikuwa wanaongea, wanasikilizana. Akarudi kwenye kiti chake.

Adungu_Gulu

Mkuu, mimi napiga adungu, kinubi cha kwetu kaskazini, kanisani na sasa najifunza gitaa. Umesema sauti ya gitaa ilikaribia kulia. Anaufanyaje uzi ulie? Video naangalia lakini siuoni mkono vizuri.

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Mdogo wangu wa Gulu, hapa ndipo nilitaka kufika, kwa sababu niliona kwa macho, hatua nne kutoka kwake.

Kwenye adungu kila sauti ina uzi wake. Kwenye gitaa unaweza kuusukuma uzi pembeni juu ya shingo, ukakazika, sauti ikapanda bila kubadilisha mahali pa kidole. Mzee anasukuma kwa kidole cha pete, lakini vidole viwili vya nyuma yake vinamsaidia, na nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono, vidole vyenyewe havifanyi kazi kubwa. Anapandisha sauti nzima moja, hafiki haraka. Anaanza chini kidogo, anapita katikati mahali ambapo piano haina kitufe, ndipo anafika. Pale katikati ndipo kilio kilipo. Akishafika anautikisa, mkono wote unapepea kama jani. B.B. King alisema mtikisiko wake aliupata kwa kujaribu kuiga gitaa la binamu yake Bukka White, aliyekuwa anateleza juu ya nyuzi kwa chuma. Yeye kuteleza kulimshinda, mkono ukatafuta njia yake.

Na kwenye wimbo wa sita, katikati ya kusukuma hivyo, uzi ukakatika. Ule wa kwanza, mwembamba kuliko wote. Ta! Kama kijiti kikavu. Ukampiga juu ya mkono, nikaona mstari mwekundu.

Hakusimama. Aliwaambia wenzake kwa macho waendelee, akasogea kwenye maiki, akaendelea kuimba. Huku anaimba, mkono wa kushoto uliingia mfuko wa shati ukatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake uzi mpya. Akaupitisha nyuma ya gitaa bila kutazama. Akauzungusha kwenye kigingi mara tatu, akaung'ata mwisho wake kwa meno ya pembeni ubaki umekazwa, akazungusha. Ubeti ukaisha. Akabonyeza uzi wa pili kwenye chumba cha tano cha shingo, akausikiliza na ule mpya ukiwa wazi, akapandisha nusu nywele. Ubeti mwingine. Kwenye mstari wa tatu, pale pa jibu, gitaa likaitikia. Mpiga dramu alikuwa anacheka peke yake.

Mwana_Katanga

B.B. King alifanya hivyo kwenye tamasha la Farm Aid huko Marekani 1985, iko kwenye video, alibadilisha uzi huku anaimba. Nilidhani sitaona mtu mwingine aliyeweza. Natamani ningekuwepo.

Kijana_Ntinda

Nimesikiliza jana usiku Buddy Guy kwa spika ya simu, kisha kwa spika za masikioni. Mkuu, nilisema vibaya. Nilirudia ile sehemu ya kunyamaza mara nyingi. Mzee anapiga tena lini? Nitakuja na dada yangu.

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Hajapanga tarehe. Goti linamsumbua na ngazi za ule ukumbi zilimpa shida, tulimshika mikono mimi na kijana wa mixa. Akisema siku nitaandika humuhumu, kabla sijamwambia mtu yeyote. Kama kuna mwenye ukumbi wa chini usio na ngazi, Nsambya au Kabalagala, anitumie ujumbe. Spika nitafunga mwenyewe bila malipo, na taa itakuwa moja.

Kitu kimoja nilisahau. Mwisho kabisa alishuka jukwaani na gitaa, waya mrefu ukimfuata kati ya meza, kama Guitar Slim wa New Orleans alivyokuwa akifanya miaka ya hamsini mpaka nje barabarani, na Buddy Guy akamwiga. Mzee hakwenda mbali, kwa sababu ya goti. Alifika kaunta, akasimama mbele ya yule dada aliyeua sauti ya mpira, akampigia yeye peke yake vipimo 12, chini kabisa. Dada alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia glasi na hakukiweka chini mpaka vipimo vilipoisha.

Adungu_Gulu

Alitumia nyuzi za unene gani? Mimi nina namba tisa, nikisukuma zinakatika kila wiki.

Fundi_wa_Nsambya (mleta uzi)

Ule uliokatika niliuokota sakafuni, akaniambia nikae nao. Nimeupima kwa mikromita kwenye meza yangu: milimita 0.28, yaani namba kumi na moja. Za kwako za tisa ni 0.23. Sehemu iliyokatika ni palepale kwenye daraja, kile kichuma mwilini mwa gitaa nyuzi zinapopumzika, kuna kutu kidogo na chuma cha daraja kimeukwaruza. Angalia daraja la gitaa lako kwanza, mdogo wangu, lipige msasa laini kabla hujabadilisha namba. Ukija Kampala pitia hapa, nitakuonyesha.